Kidole cha Fundi

Mimi ni fundi cherehani. Sindano hunichoma kutwa na silalamiki, lakini kile kisindano cha kupimia sukari hunipandisha mori. Leo asubuhi, kabla ya chai, kimashine kikasoma kumi na tisa. Mke wangu akanitolea macho.

“Umekula nini, baba watoto?”

“Sijatia kitu mdomoni! Hicho kimashine chako kibovu!”

“Haya, nawa mikono upime tena.”

Nikanawa kwa sabuni, nikajichoma kidole kilekile. Saba.

“Umeona?” nikaja juu. “Unanisingizia bure!”

“Nimeona,” akasema taratibu, akishusha kopo la asali kutoka rafuni. “Kumbe sukari haikuwa kwenye damu, ilikuwa kwenye kidole. Sasa niambie, hicho kidole kilikuja kutafuta nini humu?”