Mama Sheryl na Paka Mpiga Ngoma

Dolphine alirudi kutoka Kisian, alikoshinda akikagua mabwawa ya samaki, akawakuta wasichana wawili wamelala kifudifudi kwenye zulia lake, vichwa vimegusana juu ya mashine ndogo ya gemu. Mmoja alikuwa bintiye, Sheryl. Wa pili alikuwa Nuha, mtoto wa jirani yake Zeituni, na mashine ilikuwa ya Nuha. Kitabu cha hesabu kilikuwepo pia, kimewekewa sahani ya karanga juu yake.

"Hiyo kitu inatoka kwangu leo," alisema kabla hajavua buti. "Na isirudi mpaka shule zifungwe."

Sheryl hakuinua macho. "Mama, hujui hata ni nini."

"Ni kelele."

"Ni muziki. Unafuata mdundo. Wewe wimbo mmoja tu huwezi."

Hapo mtoto aligusa pabaya. Dolphine alikuwa akipiga kayamba katika kwaya ya akina mama kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Wachungaji watatu walikuwa wamekuja na kuondoka; kayamba haikuwahi kushikwa na mkono mwingine.

"Nikimaliza wimbo mmoja, inatoka?"

"Ukimaliza, inatoka. Ukishindwa mara tatu, inabaki, na husemi kitu."

"Lete."

Nuha alimweleza kwa heshima. Paka mwenye kofia amekaa mbele ya ngoma. Viduara vinakuja kutoka kulia, kimoja kimoja. Kiduara kikifika kwenye alama, bonyeza. Basi.

Dolphine aliketi wima kama yuko mbele ya waumini. Kiduara cha kwanza kikafika, akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba amechelewa. Cha pili, amechelewa. Kufika cha kumi paka akaanguka chali, miguu juu.

"Hii mashine ni mbovu."

"Si mbovu, Mama."

Mara ya pili aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Paka akaanguka tena.

"Mama Sheryl, jaribu kubonyeza mapema kidogo," Nuha alisema.

"Mapema nitaharibu wimbo."

Zeituni alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. Alisimama mlangoni muda wote huo, hatazami kioo, anatazama mguu wa Dolphine uliokuwa ukigonga sakafu.

"Wewe huchelewi," alisema. "Unajibu."

"Najibu nini?"

"Kwaya yenu si naisikia kila Jumapili? Mtu anaanzisha, ndipo kayamba inaingia. Sasa huyo paka unamngoja aanzishe."

Dolphine aliutazama mguu wake. Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo alimngoja Seline, mwimbishaji wao, afungue kinywa, ndipo mikono yake iangukie nyuma ya sauti ile. Kuingia pamoja na Seline kungekuwa kukosa adabu.

"Kama kosa nimelijua, limekwisha," alisema, akaanza mara ya tatu.

Alifika mbali. Alipita nusu ya wimbo, Sheryl akaanza kung'ata kucha. Kisha mikono ikasahau, ikarudia mazoea ya kwaya, na paka akaanguka.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nuha alitazama dari.

"Nimeshindwa," Dolphine alisema. "Inabaki."

Sheryl alikuwa ameshajipanga kwa ubishi, na sasa hakuwa na wa kubishana naye. "Kweli?"

"Nilisema au sikusema? Lakini hesabu kwanza. Hilo halikuwa kwenye mapatano, hiyo ni sheria ya nyumba."

Zeituni alivua viatu, akaketi. "Nuha, si kuna ile ya watu wawili?"

Ilikuwepo. Nuha akachomoa vipande viwili vya kubonyezea vya pembeni mwa mashine: wa kushoto anaanzisha, wa kulia anajibu. Zeituni, aliyepiga dufu kwenye maulidi tangu hajafika umri wa Nuha, alichukua cha kushoto. Akapiga, Dolphine akajibu. Akapiga mbili, akajibiwa mbili. Paka akasimama, akazungusha kofia, akaanza kucheza, jambo ambalo wasichana hawakuwahi kuliona.

"Weka ngumu," Dolphine aliagiza.

Wakaweka ngumu.

"Usinikimbilie, Mama Nuha."

"Nani anakimbia? Wewe unaburuta miguu kama bibi harusi."

"Mama, sasa zamu yetu," Sheryl alisema.

"Hesabu, nyathina, mwanangu. Ukurasa wa arobaini, wewe na mwenzako."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja jioni, mlango ukabishwa. Alikuwa Zeituni, peke yake.

"Nuha yuko wapi?" Dolphine aliuliza.

"Anaosha vyombo." Zeituni akaitoa mashine chini ya leso. "Sogea."