Barabara Iliyokuja Kutoa Ushahidi

Jumatano asubuhi mzee mmoja aliyevaa koti la kuazima kwa mkwewe aliingia na binti yake katika ofisi ya kukodisha magari ya kifahari, akachukua namba kwenye mashine, akakaa. Ofisi ilikuwa na kuta za vioo, zulia la kijivu, ua la plastiki kwenye chungu, na mtungi wa maji uliotoa mapovu kila mtu alipojimiminia. Upande wa pili wa kioo magari yalipangwa yakielekeza pua mlangoni. Mzee aliliangalia moja, jeusi, refu, akaona alama ya kidole kwenye mlango wake wa nyuma. Akakosa raha mpaka namba yake ilipoitwa.

Kazini walikuwa wakimwita Mzee Usukani, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Zaidi ya nusu ya maisha yake alimwendesha tajiri mmoja huko kwao, katika gari jeusi la aina ile ile, kutoka mjini hadi kwenye mashamba ya tajiri na kurudi, kila wiki, jua na mvua. Tajiri hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sheria yake: gari si la familia ya dereva. Mke wa Mzee Usukani alilijua gari lile kwa mlio tu. Mumewe alimwahidi kwamba iko siku atampakia katika gari kama lile, yeye mbele kwenye usukani na bibi nyuma kama waziri. Mke alikuwa akicheka, maana ahadi ya dereva na ya fundi cherehani ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa mke huyo alikuwa amelazwa katika hospitali ya nchi hii, ambako binti yao alimleta kutibiwa. Madaktari walikuwa wamefanya walichoweza. Ijumaa angeruhusiwa kwenda nyumbani kwa binti, na kwa jinsi walivyolisema hilo, macho yao yakiwa kwenye karatasi kuliko kwa watu, kila mmoja alielewa kwamba wamemrudisha kwa wenyewe. Kutoka hospitali hadi kwa binti ni safari ya nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo Mzee Usukani aliyoifuata pale ofisini. Fedha binti alikuwa nazo, alidunduliza. Leseni hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, mama yake alitaka kuendeshwa na mumewe.

"Shikamoo, baba," alisema karani. Aliwasalimu kwa lugha yao, kwa sababu naye alikuja nchi hii na sanduku moja.

"Marahaba, mwanangu. Tunataka lile jeusi. La Ijumaa."

Karani akaomba nyaraka. Mzee akazitoa katika bahasha, moja moja, akiinyoosha kila moja kwa kiganja alipoiweka: pasipoti, tiketi ya kurudi, uthibitisho wa anwani ya binti, leseni, kibali cha kimataifa cha udereva, na kadi ya benki yenye jina lake mwenyewe. Karani alizipapasa herufi za kadi kwa kidole, kuhakikisha zimeinuka. Zilikuwa zimeinuka.

"Hongera, baba. Wengi hukwama kwenye kadi," alisema. Kisha akaigeuza leseni, na uso ukapoa. "Bado barua."

"Barua ipi tena?" akauliza binti.

"Nchi zimewekwa makundi matatu, dada. Kundi la kwanza, leseni inatosha. La pili, wanaongeza picha. La kwetu linahitaji barua ya mwajiri, yenye nembo, sahihi na muhuri, kwamba huyu dereva amewahi kuendesha gari la daraja hili. Ni watu wa bima."

"Mwajiri wangu ameshafariki," alisema mzee.

"Pole sana, baba. Watoto wake je?"

"Waliuza nyumba. Simu hawapokei."

Dirisha la pili, bwana mmoja mwenye kaptura alionyesha leseni ya kundi la kwanza, akapewa ufunguo, akauliza gia ya kurudi nyuma iko wapi. Akaelekezwa kwa upole. Mzee Usukani alisikiliza yale maelekezo yote, akatikisa kichwa kukubali kwamba yalikuwa sahihi.

"Tunaweza kuwapa gari na dereva wake," alisema karani. "Hapo hakuna barua."

"Mwanangu," alisema mzee, "dereva ni mimi."

Binti alijifanya kuangalia magari.

Mchana, wodini, mke alisikiliza habari yote akiwa ameegemea mito miwili. Hakuonekana kushangaa. Alisema yeye apakiwe hata kwenye kitanda cha magurudumu, mradi anayesukuma ni huyu huyu. Mzee akasema la hasha, kitanda hakina kioo cha kutazamia nyuma.

"Sasa nani mwingine alikuona ukiendesha?" aliuliza mke. "Miaka yote ile, haiwezekani asiwepo hata mmoja."

Mzee akafikiri. Tajiri mara nyingi alikuwa amelala.

"Barabara," alisema.

"Basi ndiyo iitwe."

Alhamisi asubuhi, wakati karani anafungua dirisha lake, barabara ilifika. Kwanza liliingia vumbi jekundu chini ya mlango, jembamba, kama linaomba hodi. Mlinzi akafungua mlango wote, akalikunja zulia la kufutia miguu lisichafuke. Barabara ikaingia kwa adabu, ikakunja kona kwenye ua la plastiki, ikalala sakafuni mpaka mbele ya dirisha la karani. Ukuta wa nyuma wa ofisi haukubomoka. Ulisogea tu, ukaendelea kusogea, na nyuma yake kukawa na vilima, na juu ya vilima mvua inayonyesha mbali, na jua la saa kumi alasiri ingawa saa ya ukutani ilisema tatu asubuhi.

Wateja waliokuwa wamekaa waliinua miguu ili ipite, na mmoja akavua kofia bila kuambiwa. Barabara ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilishuka kutoka ofisini, ikapita kwenye lami iliyochakaa, ikaingia udongo mwekundu, ikavuka mto kwa daraja la gari moja, ikapanda katikati ya mikaratusi, ikapotea, ikaonekana tena juu zaidi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Harufu ya udongo ulioloa ilijaa chumba chote. Mama mmoja aliyekuja kurudisha gari alijikuta anafuta machozi, akasema ni vumbi.

Mzee Usukani na binti yake waliingia nyuma ya barabara. Mzee aliiangalia kama mtu anavyomwangalia ndugu aliyesafiri mbali kwa ajili yake na hana hata pa kumlaza.

"Imekuja," alimwambia karani.

Karani alitoka nyuma ya dirisha, akavua viatu, akachuchumaa. Juu ya barabara zilikuwepo alama za matairi za safari zote, mvua hazikuzifuta, moja juu ya nyingine, miaka juu ya miaka, zimeingiana hadi zimekuwa kama msuko wa ukili. Zote zilikuwa za mkono mmoja. Zilipunguza mwendo penye shule, zilisimama penye ng'ombe, na kwenye kona kali ya mikaratusi zilipita sentimita zile zile, masika na kiangazi. Mahali pamoja tu ziliruka nje mpaka mtaroni.

"Na hapa, baba?"

"Hapo mtoto alitokea na baiskeli. Mtoto hakuguswa. Bosi alimwagikiwa na chai, nikakatwa mshahara."

Karani alichota vumbi kidogo, akalinusa, akalia. "Daraja hili la mto nalijua," alisema. "Nilipita hapa nikiwa nimebebwa mgongoni." Halafu akajifuta uso, akavaa viatu, akampigia meneja simu, kwa sababu hakuwa na mamlaka ya kupokea barabara.

Meneja alishuka kutoka ghorofani. Naye, tusimwonee, aliguswa. Alisimama pale ilipoanzia, mikono nyuma, akaitazama kwa muda mrefu mpaka mvua ya kwenye vilima ikahama kutoka kilima kimoja hadi kingine. Akamuuliza mzee kama yote hii aliiendesha yeye. Mzee akasema ndiyo. Akauliza kama ni kwa gari la daraja lile. Mzee akasema matairi ni yale yale, apime. Meneja akapima. Yalikuwa yale yale.

"Sijawahi kuona ushahidi kama huu," alisema meneja kwa lugha ya nchi hii, na karani akatafsiri. "Tatizo haina nembo."

"Barabara haijui kuandika," alisema mzee.

"Anasema anaelewa," karani alitafsiri. "Anasema pia haina sahihi. Na muhuri."

"Lakini ameiona kwa macho yake!" Binti alipandisha sauti. "Si iko hapo, imelala mbele yake?"

Meneja alikubali kwamba iko hapo. Alisema ni heshima kubwa kwa tawi lao. Akasema watu wa bima hawatoki ofisini kwao, wanapokea karatasi tu, na karatasi ya kundi la tatu ni barua. Akampa mzee mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Akufukuzaye hakwambii toka. Mzee alizikusanya nyaraka zake, akazirudisha kwenye bahasha kwa mpangilio ule ule.

Barabara haikuondoka. Haikuambiwa iondoke, na pengine safari ya kuja ilikuwa imeichosha. Kufikia jioni ya siku ile meneja alikuwa ameshaagiza mnyororo wa shaba na kibao kinachosema "Wateja tu", na wateja wakaanza kuruhusiwa kuyajaribu magari humo kabla ya kutia sahihi. Habari zilienea. Watu walitoka na magari wakiwa wanaongea, wakarudi wamenyamaza, na wote walikodisha.

Ijumaa mke aliruhusiwa. Binti aliita teksi, ndogo, yenye kiti cha nyuma kilichochanika, na mzee akakaa mbele pembeni ya dereva, mikono mapajani, mguu wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo. Walipokaribia mtaa wa ile ofisi mke alisema anataka kuiona barabara.

"Mama, utachoka," alisema binti.

"Nimeshachoka, mwanangu. Nipitisheni."

Karani aliwaona kupitia kioo. Akatoka, akamshika mke mkono mmoja, mzee akashika wa pili. "Kwa miguu hakuna masharti," alisema, akauinua mnyororo, mzee na mkewe wakapita chini yake mmoja mmoja, binti akabaki na teksi.

Walitembea taratibu, mpaka ofisi ikabaki nyuma yao ndogo kama sanduku la vioo lililosahauliwa nyikani. Jua la saa kumi liliwapiga ubavuni. Mke alitazama mto, akatazama mikaratusi, akatazama nyaya za simu zilizojaa ndege. Upepo ulitoka kwenye mvua ukiwa wa baridi, akaugeuzia uso wote.

"Kumbe ndiko ulikokuwa," alisema.

"Ndiko."

"Na mimi nikibaki nyumbani nafikiri unateseka."

"Kuteseka nilikuwa nateseka pia," alisema mzee, na mke akacheka mpaka wakasimama apumue. Kama kuna furaha kubwa kuliko ile, mimi sijaisikia. Miaka yote ambayo hawakuwa pamoja ilikuwa imelala mbele yao mchana kweupe, na walikuwa wanaipita mguu kwa mguu.

Nyuma yao ulisikika mlio wa gari. Mke aliutambua kabla ya mumewe. Lilikuwa lile jeusi. Mzee akamvuta mkewe taratibu hadi kwenye majani, nalo likaja likasimama karibu nao, kioo cha dereva kikashuka. Alikuwa bwana wa kaptura, safari hii na mkewe pembeni. Aliuliza kwa ishara mbele kukoje.

Mzee Usukani aliinama, mikono nyuma asiguse rangi. Akamwonyesha kwa viganja: daraja ni la gari moja, aangalie kwanza. Kwenye mikaratusi apunguze mapema, kona inajikunja kuliko inavyoonekana. Bwana alirudia zile ishara mpaka mzee akaridhika. Akashukuru, kioo kikapanda, gari likaenda. Wakaliangalia mpaka likavuka daraja, polepole, kama alivyoelekezwa.

"Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu," alisema mke.

"Nimeona."

"Kikoje, mzee? Mtu akikaa mle nyuma, anajisikiaje?"

"Sijui, mama watoto," alisema mzee. "Mimi nimekiona kwenye kioo tu."

Mke akamshika mkono. Gari jingine lilikuwa linakuja, wakasogea tena kwenye majani.