Kaka Asiyebisha

Fundi hakuwahi kumbishia mdogo wake. Mdogo mtu akisema bawaba zikae kushoto, zilikaa kushoto. Akisema rangi iwe ya kijivu, ilikuwa ya kijivu hata kama mteja aliagiza nyeusi, na Fundi ndiye aliyekwenda kwa mteja kuomba radhi. Majirani wa karakana yao ya mageti na madirisha walisema ndugu wale wanapendana kupita kiasi. Mama yao, aliyeishi chumba cha nyuma na kusikia kila kitu kupitia ukuta wa mabati, hakuwa na hakika. Aliwalea yeye, aliwajua tangu walipokuwa wakigombania shuka, na ukimya ule haukumpa raha.

Chanzo kilijulikana. Zamani, Fundi akiwa bado mlevi, alifika kazini na pombe ya jana kichwani, akawasha mashine ya kukatia chuma bila kuangalia kama jiwe lake, ile sahani inayokata, limekazwa. Jiwe likapasuka. Kipande kilimkosa yeye, kikampata mdogo wake kwenye jicho la kulia, na jicho halikupona. Mdogo mtu alijipa jina la Chongo mwenyewe kabla watu hawajampa, akaligeuza utani. Alisema faida ya jicho moja ni kwamba ukimkonyeza msichana anadhani umesinzia, hawezi kwenda kukusemea kwao.

Fundi hakuucheka utani huo hata siku moja. Aliacha pombe, akaokoka, na kila mtu aliona kwamba ameokoka kweli. Lakini kanisani, mchungaji alipowaita mbele wenye mizigo ya moyoni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, Jumapili hii na ile nyingine, mpaka wanakwaya wakawa wanamwachia nafasi yake karibu na spika. Karakanani alibeba vyuma vizito peke yake. Alichoamua Chongo ndicho kilichofanywa.

Jumapili moja, watu wakikusanya viti, mchungaji alimwita pembeni. Alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Akamuuliza wiki hii amekosa nini. Fundi akajibu kwamba ni lile lile la jicho. Akamuuliza kama siku aliyookoka alilitaja mbele za Mungu. Alilitaja, tena la kwanza kabisa.

"Akakusamehe, au hakukusamehe?"

"Alinisamehe."

"Sasa mbona unarudi?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Naogopa, mchungaji. Nikiacha kulia nitaonekana sijali. Jicho la mwenzangu halijarudi. Nianzeje kutembea kifua mbele?"

Mchungaji hakumkemea. Alivuta kiti kimoja, akaketi. "Hakuna aliyesema jicho ni jambo dogo. Lingekuwa dogo, Mwana wa Mungu asingelifia. Lakini alilifia, akamaliza. Wewe unataka kumalizia kwa mgongo wako."

Fundi aliitikia kwa heshima, akaaga. Kesho yake aliamka akabeba vyuma kama kawaida.

Wiki hiyo walikuwa na geti la zahanati. Chongo ndiye aliyepima, akaamua geti liwe la bawa moja, lifungukie ndani. Fundi aliona kosa palepale: kwa ndani ardhi ilikuwa na mwinuko. Akanyamaza, akachomelea alivyoambiwa.

Siku ya kulipachika pale zahanati, geti lilifunguka kidogo, likakwaruza ardhi, likagoma. Muuguzi mkuu alitoka na glavu mkononi, akalitazama, akauliza kwa upole kama wagonjwa watakuwa wanapitishwa juu ya ukuta. Chongo aliona aibu mpaka akakosa utani.

Waliporudi karakanani alikaa juu ya rundo la mabomba, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, uliona?"

Fundi angeweza kudanganya. "Niliona."

"Na ukanyamaza."

"Sikutaka kukuumiza."

Chongo akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilikusamehe hospitalini, bandeji ikiwa usoni. Nilikushika mkono nikakwambia. Tangu siku ile sina kaka, nina mtumishi. Jicho nimelizoea. Hili la kukosa kaka limenishinda."

Akainuka, akaenda kunawa.

Fundi alibaki na koleo mkononi. Miaka yote alidhani anampa mdogo wake heshima, kumbe alikuwa akimrudishia msamaha wake kila asubuhi, kama mtu anayekataa zawadi mlangoni kwa adabu. Na Mungu je? Alifumba macho ili aungame, kinywa chake kilishazoea njia, maneno yale yale yakaanza kupanda. Akayazuia. Akatafuta mengine, hayakuja kwa urahisi. Mwishowe alisema, "Asante, Yesu. Yamekwisha." Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa yale ya karibu na spika. Mabega yalimlegea, akaona ajabu jinsi alivyochoka.

Chongo aliporudi akijifuta mikono, Fundi alikuwa keshalichora lile geti upya sakafuni kwa chaki.

"Ulipima vibaya," alisema. "Tena haraka haraka, kama kawaida yako."

Chongo alisimama na taulo mkononi. Akacheka polepole, kisha akainama kuutazama mchoro. "Hili geti la kusukuma pembeni umelitoa wapi? Pembeni pale zahanati kuna tangi la maji."

"Tangi litahamishwa."

"Na nani? Tuligawe mabawa mawili, tupunguze chini."

Wakabishana. Sauti zilipanda mpaka mama yao akatoka na mwiko, akachungulia mlangoni akitegemea balaa. Alisikiliza kidogo, akarudi jikoni taratibu.

Mabishano yaliendelea hadi kwenye zahanati kesho yake, Fundi hakutaka kushindwa. Joto lilipozidi alimwambia mdogo wake kwamba kichwa chake ni kigumu kama nondo. Alipoona uso wa Chongo umebadilika, aliweka chini alichokishika.

"Hilo nimekosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nipe nyundo."

Fundi akampa. Wakafunga bawa la kwanza, na tangi likabaki mahali pake.