F ya Mzee Ognyan

Ognyan Penchev alilidharau darasa lile tangu mlangoni. Kwenye mlango wa nyumba ya utamaduni ya mtaa wao, pale mjini Ruse, Bulgaria, palibandikwa karatasi ya waridi: JIFUNZE GITAA KWA NYIMBO UZIPENDAZO. Akasonya. Nani kawaambia anazipenda? Alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akipiga gitaa harusini, kijiji kwa kijiji, watu wakicheza horo, ile ngoma ya kushikana mikono, mpaka viatu vinaachia soli. Leo binti yake Kremena kamwandikisha darasani kama mtoto wa chekechea, eti zawadi ya siku ya kuzaliwa.

"Tangu ustaafu unashinda unagombana na redio, baba," Kremena alimwambia kwenye simu. "Nenda ukaone watu."

Akaenda, akawaona. Walikuwa wanane kwenye viti vya plastiki, kila mmoja kalikumbatia gitaa lake kama abiria anayeogopa kuibiwa begi. Kiti kilichobaki kilikuwa kando ya dereva wa lori aitwaye Rusi, pande la mtu, vidole vyake kama soseji. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, Ralitsa, amevaa soksi zenye picha za paka. Ognyan aliziangalia zile soksi, akaona amekwisha kupata habari zote alizozihitaji.

Utaratibu wa Ralitsa ulikuwa wimbo mmoja kwa wiki, na ndani ya kila wimbo ufundi mmoja. Jumatano ya kwanza wakapiga kile kibao cha redioni cha msichana aliyetupa simu ya mpenzi wake baharini, wajifunze kuzima nyuzi kwa kiganja. Ya pili wakapiga wimbo wa tangazo la bia, wajifunze kudonoa kwa vidole. Ognyan alipiga zote huku anatazama dirishani, midomo kaibeua. Kwake hizo hazikuwa nyimbo, zilikuwa kelele za dukani.

Jumatano ya tatu ikafika zamu ya F, ule mkao wa vidole unaotaka kidole cha shahada kilazwe juu ya nyuzi zote sita.

"Leo kila mtu ataipiga peke yake," Ralitsa alisema. "Uzi mmoja mmoja, taratibu. Rusi, anza."

Rusi akabana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nyuzi mbili zikalia, nne zikakoroma.

"Wewe!" Ognyan akamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hilo gitaa unalipiga au unalinyonga? Limekukosea nini?"

Watu wakacheka. Rusi naye akacheka, uso umemwiva. "Mzee wangu, mikono hii imezoea usukani."

"Basi irudishe kwenye usukani."

"Mzee Ognyan," Ralitsa akasema bila kucheka, "zamu yako."

Ognyan akashusha mkono mara moja, kwa madaha, kama alivyozoea harusini. Sauti ikajaa chumba. Mama mmoja akapiga makofi.

"Vizuri. Sasa uzi mmoja mmoja."

"Binti yangu, harusini hakuna anayekuja kuhesabu nyuzi."

"Hapa si harusini."

Akaanza juu. Wa kwanza ukalia, wa pili ukalia, wa tatu vilevile. Wa nne ukatoa mlio wa ubao unaogongwa. Wa tano haukutoa kitu. Wa sita ukazomea kama nzi kwenye chupa. Akabana zaidi, akarudia, yakawa yale yale. Rusi, yule aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, akainamia viatu vyake. Huruma ile ikamchoma Ognyan kuliko kicheko.

"Kidole gumba kimepanda juu mno," Ralitsa akasema. "Kishushe nyuma ya shingo ya gitaa, na kiwiko ukisogeze ubavuni."

"Mimi nimepiga harusi mia nne! Wewe ulikuwa hujazaliwa!"

"Najua, mzee. Shusha kidole."

Ognyan akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akatoka.

Nyumbani mkewe, Snezhana, alikuwa anamenya pilipili hoho za kuchoma, jiko zima linanukia moshi. "Umewahi kurudi. Walikuwaje leo?"

"Wapumbavu watupu."

Akajifungia stoo, akakaa juu ya kreti katikati ya mitungi ya achari. Akashusha kidole gumba. Akasogeza kiwiko. Uzi wa kwanza mpaka wa sita, zote zikalia, safi kama maji.

Hakufurahi hata chembe. Alimkumbuka Mitko, mpiga kodiani wa bendi yao ya harusi, aliyekuwa akimwambia kila harusi: "Wewe wachekee wageni tu, Ogi, sauti niachie mimi." Miaka thelathini aliichukua ile kuwa sifa. Kumbe Mitko alizisikia zile nyuzi zisizolia. Labda bendi nzima ilisikia. Akajiona kama mtu aliyezunguka mji siku nzima suruali imechanika nyuma, na wote aliowasalimia wakamwitikia kwa adabu.

Jumatano iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake kabla ya mwalimu. Ralitsa akampa salamu, hakuuliza kitu. Wimbo wa wiki hiyo ulikuwa wa kijana anayelia kwa sababu ya paka, mbaya kuliko zote zilizotangulia, na Ognyan alimweleza hivyo mama aliyekuwa mbele yake, mara mbili.

Zamu ya Rusi ilipofika, F yake ikatoka nzima. Jitu lile likaruka kitini. "Mmeisikia? Mzee, umeisikia?"

"Nimesikia. Hata saa mbovu ingechoka kukusubiri."

Lakini kiwiko cha Rusi kilikuwa kimekaa mahali ambapo cha Ognyan, kila alipoharakisha, kilikuwa bado kinapatafuta. Akasogeza kiti chake, akanung'unika bila kumtazama usoni:

"Rudia. Polepole, nikuone mkono."