Kilometa za Léonard

Kinga ya Léonard, ile baiskeli yake, ilikaa miezi mitatu imeegemea ukuta wa jikoni, mpaka kuku mmoja akazoea kulala juu ya kiti chake. Léontine hakumfukuza. Tangu amzike mume wake, mwalimu wa darasa la sita kwenye kilima chao juu ya Burungu, kulikuwa na vitu vingi ambavyo hakuwa na nguvu ya kuvigusa.

Siku moja ya Januari 1968 alichukua daftari la marehemu juu ya kabati, akalifungua. Hamkuwa na habari yoyote ndani. Tarehe tu, zote za Jumapili, na kando ya kila tarehe namba iliyosomwa kwenye konteri, kile kidude cha gurudumu la mbele kinachohesabu kilometa. Namba ya kwanza iliandikwa Mpofi, kule Walikale, Léonard alikofundisha alipokuwa kijana. Ya mwisho ilikuwa 9704. Chini yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, aliandika 10,000 na kuipigia mistari miwili.

Léontine akatoka nje kumtafuta wifi yake.

"Sidonie, kesho utanishikia kiti."

"Kiti gani?"

"Ya kinga. Niko nataka kujifunza."

Sidonie aliangua kicheko, kisha akamtazama usoni, akakubali.

Walijifunzia kwenye uwanja wa shule, Jumamosi baada ya masomo, Léontine amefunga kitambaa cha kikwembe juu ya magoti, Sidonie anakimbia nyuma akihema. Mara mbili Léontine alitumbukia kwenye maharagwe ya Papa Théoneste, jirani wa shule, ambaye alitoka kumwangalia mikono kiunoni.

"Mama Léontine, na ile miaka yako makumi ine?"

"Makumi ine na mbili, Papa," alijibu, akajipangusa udongo, akapanda tena.

Pasaka ilipofika alikuwa anaendesha peke yake. Kila Jumapili baada ya misa aliteremka barabara ya Burungu na kurudi, kilometa kumi na mbili, macho kwenye konteri. Mpando wa kilima aliujua kwa namna tarakimu zilivyochelewa kugeuka. Watu walimsalimu, akaitika bila kuinua kichwa. Nyumbani aliandika namba yake chini ya zile za Léonard, na kwa muda ule mfupi wa kuandika aliona kama wawili wao wanafanya kazi moja mezani.

Septemba, Jumapili moja yenye jua, konteri ilionyesha 9999. Alishuka, akasukuma kinga polepole. Kidude kililia *tik*, tarakimu zote nne zikageuka pamoja.

0000.

Konteri haikuwa na nafasi ya tarakimu ya tano. Léontine alisimama akizitazama zile sifuri, kana kwamba Léonard hakuwahi kutoka nyumbani hata siku moja. Akaketi kwenye majani kando ya barabara, akalia kwa sauti.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa juu alishuka mbio, kibuyu cha maziwa mkononi. Aliitwa Céline.

"Mama, umeanguka?"

"Hapana."

Céline aliigeukia kinga, akaiona karibu kwa mara ya kwanza mwaka ule, akashangaa. "Hii kinga naijua. Iko ya mwalimu."

"Alikuwa bwana yangu. Alikufa mwaka jana."

"Pole, mama! Tulikuwa tunajiuliza sababu gani hakuji tena."

"Alikuwa anapita hapa?"

"Kupita? Mwalimu alikuwa anacheza hapa! Anasukuma kinga mpaka kule kwenye mikaratusi, anashuka miguu yote mbili juu, anapiga kelele mpaka ng'ombe zangu zinakimbia. Anapanda tena. Mara tatu, mara ine. Akichoka, anakunywa maziwa, anacheka peke yake."

Léontine aliigeukia ile mikaratusi. Léonard wake alikula bila kuzungumza, na darasani kiti kikikwaruza sakafu aligonga meza kwa rula. Kila Jumapili jioni Léontine alimuuliza, "Ngapi leo?" Naye alitaja namba, basi, Léontine akarudi kusonga bugali. Miaka kumi na mitano hakuwahi kuuliza swali lingine. Labda mwalimu aliona haya, na namba ilikuwa kitu ambacho mtu mzima anaweza kukileta nyumbani.

"Alikuwa anapiga kelele ya namna gani?" aliuliza mwishowe.

Céline aliweka kibuyu chini, akapanua kifua. "Yuuu-hiii!"

Léontine alisukuma kinga mpaka kwenye mikaratusi. Huko juu alisimama avute pumzi, na hapo akayaona mashamba ya pareto yameota maua meupe, na moshi wa Burungu, na vilima nyuma ya vilima hadi upande wa msitu wa Walikale. Miezi yote ile alikuwa amepita katikati yake. Akakalia kiti, akaachia breki, akainua miguu.

Upepo ulimjaa machoni. Sauti ilimtoka nyembamba kwanza, kisha ikatoka yote, na ng'ombe wakatawanyika.

"Njo ile!" Céline alipiga makofi. "Njo ile kelele ya mwalimu kabisa!"

Akapanda tena.

Alirudi nyumbani jua likiwa chini. Sidonie alikuwa mlangoni, amekwisha kuingiwa na hofu.

"Ulikuwa wapi siku yote?"

Léontine akaketi kizingitini, akaanza kumsimulia, na chakula kikapoa.