Sweta Kwenye Benchi

Mimi ni fundi cherehani niliyestaafishwa na macho. Kwa miaka mingi presha yangu ilipimwa kliniki, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Pale ukumbini kulikuwa na benchi refu la mbao, na sisi wa presha tulikuwa na utaratibu wetu: anayewahi anamwekea mwenzake nafasi kwa kutandika kitu pembeni yake, iwe leso, mkoba au gazeti. Mimi niliwekewa kwa sweta la kijivu la mwanamke mmoja mjane, ambaye sote tulimwita Mama Sweta kwa kuwa alilivaa hata jua likiwaka. Yeye aliniita Fundi. Tuliwasema madaktari, tukawasengenya wakwe, tukagawana pipi. Kumwuliza jina lake hasa au namba ya simu hakukunijia akilini. Ya nini, wakati Jumanne ipo?

Ndipo serikali ikatoa utaratibu mpya wa bima. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia atahudumiwa kwa simu ya video, na bima haitalipia tena kuonwa kwake kliniki. Watakaoitwa kuonwa ana kwa ana ni wale ambao presha yao imegoma. Nikapewa mashine ya kujipimia, na binti yangu, anayeishi mbali, akaninunulia simu yenye kioo kikubwa.

"Baba, umeula," aliniambia. "Foleni basi tena."

Nikamshukuru. Ningemwambia nini, kwamba foleni ndiyo ilikuwa starehe yangu?

Daktari wa kwenye simu simsemi vibaya. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, ila kola yake ilishonwa hovyo, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na hilo liliniudhi kila mwezi. "Shikamoo mzee, nionyeshe mashine." Namwonyesha. "Safi kabisa. Endelea na dawa." Kisha kioo kinazimika, nami najiona humo, mzee mzima aliyenyoa ndevu kwa ajili ya mazungumzo mafupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali, au asiyeweza kutembea, mpango ule ni mkombozi, nakubali. Mimi uliniacha peke yangu na cherehani. Zilipita siku nzima ambazo sauti pekee niliyoisikia ndani ya nyumba ni yangu mwenyewe, nikiigombeza cherehani.

Upweke ukanipa akili mbaya. Kudanganya namba kusingewezekana, maana kijana yule aliiona mashine kwa macho yake. Basi nikaacha dawa. Kila asubuhi kidonge nilikitumbukiza kwenye kopo la vifungo, nikajiona mjanja kweli. Kichwa kikaanza kugonga, masikio yakavuma. Simu iliyofuata, daktari alitazama mashine, akasogeza uso karibu na kioo.

"Mzee, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu."

"Basi imegoma hii. Njoo kliniki Jumanne, na dawa zako uje nazo."

Aibu nilikuwa nayo, lakini furaha iliizidi. Nilipiga pasi shati, nikanunua pipi, nikatoka mapema.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Benchi lilikuwa palepale, na mwisho wake alikaa Mama Sweta, peke yake, ametandika sweta pembeni. Nilifurahi mno, hata sikuona mara moja kwamba mkono wake wa kushoto ulilala mapajani bila uhai na mdomo ulikuwa umevutwa upande.

"Fundi," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Umechelewa. Kila nikija, nakuwekea."

"Umepatwa na nini, mama?"

"Kiharusi." Akatazama sakafu. "Niliacha dawa. Nilitaka waniite. Kule kwenye simu hakuna mtu wa kuongea naye."

Nilikaa juu ya sweta bila hata kuliondoa. Niliogopa, na kuliko kuogopa niliona uchungu. Laiti mmoja wetu angekuwa na namba ya mwenzake, tungepigiana tukalalamika mpaka chaji iishe, na dawa tungekunywa.

Nesi alikuja na kipimo, akanifunga mkono, akasoma, akakunja uso. Kabla hajauliza nilimwambia ukweli wote, nikatoa pakiti ya dawa mfukoni, nikaomba maji. Alinigombeza, na alikuwa na haki.

"Ukizinywa vizuri itatulia," alisema mwishowe. "Ikitulia, unarudi kwenye simu. Ndio utaratibu, baba."

"Na kukaa tu kwenye benchi, nako kunataka bima?"

Alinitazama mimi, kisha akamtazama mwenzangu. "Kaeni," alisema, akaenda zake.

Nikameza kidonge. Nikamwekea Mama Sweta pipi kwenye mkono ulio mzima, halafu nikatoa ile simu yangu ya kioo kikubwa nihifadhi namba yake. Simu ikataka jina kwanza.

"Unaitwa nani, mama?"

Alilitaja. Sikulielewa. Niliinama, nikasogeza sikio karibu na mdomo wake, akalitaja tena, polepole, machozi yakimlenga kwa hasira, na bado sikulielewa.

"Tena, mama," nilimwambia. "Mimi sina pa kwenda."