Fotei ya Mama Adèle

Jamila alivaa kitenge cha liputa mupya, akajipaka mafuta, akaikala kwenye fotei, kiti kikubwa cha kitambaa laini cha velu nyekundu, katika saloni ya baba yake, mutaa wa Kasuku. Sudi mupiga-foto akamwambia anyooshe shingo. Akapiga.

Foto ikatoka na ukuta, pazia na fotei. Jamila hakuwamo.

"Nyeusi-na-nyeupe safi kabisa," Sudi alisema. Ungeweza kuona nyuzi za velu, ufa wa ukuta, na pale Jamila aliikala, velu imebonyea kidogo.

Hakuna mwenye alishangaa. Tangu serikali ilinyang'anya wageni maduka na Mugereki, muzungu mwenye duka pale kona, akapandishwa ndege, watu wote wenye walibeba kitu katika nyumba yake, wao na watoto wao, hawaonekani tena kwenye foto. Vitrini ya Sudi, lile dirisha la kioo la duka lake, ilijaa foto za saloni tupu: maarusi, mashemeji, famiya nzima ya katibu wa chama. Mwenye alionekana njo Mama Adèle peke yake, bibi mwenye aliolewa na Mugereki, muzaliwa wa hapa hapa, ameikala juu ya mukeka kwa mama yake, ngambo ya muto, mutaa wa Alunguli. Watu wakipita pale vitrini wanaangalia viatu vyao.

Lakini famiya ya muchumba, kule Lubutu, ilitaka kuona sura ya Jamila mbele ya kukubali ndoa.

"Sitwayen Bulaimu," Sudi alimwambia baba ya Jamila, kwa lile jina la heshima la siku zile, "murudishie yule mama fotei yake. Nitapiga tena bure."

"Kwani niliiba? Serikali njo ilifungua mulango!"

"Baba, mama wa watu analala chini," Jamila alisema.

"Na wewe umeikala wapi?"

Jamila akasimama. Halafu, kwa sababu viatu vilimubana, akaikala tena.

Foto ikatumwa vile vile. Dereva wa lori mwenye aliipeleka alirudi na jibu: binti ni muzuri, tumemupenda, na ile fotei, akuje nayo.

Siku ya safari, kamio, lile lori, ilivuka muto Lualaba juu ya baki, chombo cha kuvusha magari, ikatokea Alunguli. Mama Adèle alikuwa pale kivukoni anauza sombe, majani ya muhogo. Akaona fotei juu ya mizigo, na Jamila juu ya fotei, amejifunika uso na kitambaa.

"Hongera, binti yangu," alisema. "Ule muguu wa nyuma unalegea, uuangalie. Musiikalie wawili."

"Asante, mama."

Kamio ikaondoka. Jamila akainama, akashika ule muguu wa nyuma, na hakuuachilia mpaka Lubutu.